Kioo au indiketa kwenye baiskeli: uanze na ipi, na ya aina gani

Jioni hapa Dar nikitoka Kariakoo narudi Segerea napita barabara ya Uhuru mpaka Buguruni, pale kwenye taa nakata kulia naingia barabara ya Mandela. Hiyo kona ya kulia ndo iliyonifanya nianze kununua vioo na indiketa. Kukata kushoto kwa baiskeli hakuna kazi, upo pembeni tayari unazunguka tu, ila kulia inabidi utoke kule pembeni, uvuke njia ya daladala, uvuke na ya gari ndogo, mpaka ufike katikati usimame usubiri, na muda wote huo nyuma yako kuna bajaji na bodaboda wanakupita kulia na kushoto. Na mi asubuhi napeleka mayai, jioni narudi na mfuko wa chakula cha kuku kilo 50 kwenye keria, kwa iyo kutoa mkono mmoja kuonyesha nakata wapi inawezekana ila usukani unakuwa mwepesi mbele na baiskeli inaanza kuyumba. Anayebeba mzigo ananielewa.

Kwa miaka kama mitatu nimebadilisha vioo vinne na indiketa aina tatu. Naandika hapa niliyoyaona ili mtu asirudie kupoteza hela kama mimi, maana madukani unauziwa tu kilichopo.

Nianze na msimamo wangu moja kwa moja: kama hela inatosha kitu kimoja, nunua kioo. Indiketa achana nayo kwanza. Kioo kinakupa taarifa wewe, unamuona anayekuja nyuma, unajua ni Coaster au ni boda, unajua anakimbia au amepunguza, afu unaamua mwenyewe. Indiketa inampa taarifa mtu mwingine, na huyo mtu lazima awe anaangalia, aione, aielewe, na aamue kukuachia njia. Hapo kuna mambo manne yote yapo nje ya uwezo wako. Halafu hapa mjini pikipiki nyingi indiketa zinawaka kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta bila kuzimwa, madereva wameshazoea kuona taa inapepesa na mtu hakati popote, kwa iyo hata ukiwasha ya kwako wengi wanasubiri kwanza waone kama kweli unakata.

Vioo

Kabla hujauliza bei angalia upande. Sisi Tanzania, na Kenya na Uganda pia, tunaendesha kushoto, magari yanakupita kulia, kwa iyo kioo cha kwanza kinakaa kulia. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia, chao kinakaa kushoto. Inaonekana kitu kidogo ila vioo vingi vya baiskeli vinavyoletwa kutoka China vimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, unakuta pakiti ina kioo kimoja na kimekaa kwa mkono wa kushoto. Ukikifunga kulia mgongo wa kioo unaangalia ulipo wewe au kinaangalia chini kwenye lami, hata ukizungusha vipi. Changu cha kwanza kilikuwa hicho, nilizungusha nusu saa nikadhani sijui kufunga kumbe ni cha upande mwingine. Kwa iyo dukani mwambie muuzaji afungue pakiti, shika kioo kama kipo mkono wako wa kulia, angalia kama unaweza kukigeuza kikakutazama usoni. Vya duara vyenye gololi kwa nyuma vinageuka kila upande, hivyo havina ubaguzi. Vile virefu vyenye umbo la jani ndo vyenye upande wake. Waingereza na Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa iyo kioo kilichotengenezwa kwa soko lao kinakuja kikiwa cha kulia tayari, na baiskeli za mtumba za Japan ukiikuta ina kioo chake usiking'oe.

Sasa aina zenyewe.

Kuna kioo cha kuchomeka mwisho wa usukani. Hiki kina kiplagi kinachoingia ndani ya bomba la usukani, unakaza skrubu kwa elenki (ile funguo ya pembe sita), kile kiplagi kinatanuka kinabana kwa ndani. Ndo ninachotumia sasa hivi na ndo nampa kila mtu anayeniuliza, kwa sababu kipo nje kabisa, bega lako na mkono wako havikizibi, unaona barabara yote ya nyuma badala ya kuangalia kiwiko chako mwenyewe. Usukani wa baiskeli nyingi kwa nje sehemu ya kushikia ni milimita 22 hivi, ila kwa ndani inategemea chuma ni kinene kiasi gani, kwa iyo kabla hujanunua toa raba ya mkono pima tundu kwa rula. Kwenye Phoenix na zile baiskeli za zamani raba zake zimezibwa mwisho, inabidi ukate kile kifuniko na wembe, kata duara safi usichane raba nzima maana maji yakiingia ndani usukani unaoza kwa kutu. Ubaya wake ni kwamba baiskeli inakuwa pana. Kupita katikati ya daladala mbili zilizosimama pale Ilala Boma unatakiwa ukumbuke una sentimita kama kumi zimeongezeka upande mmoja, na ukiiegemeza ukutani ikadondoka kioo ndo kinafika chini kwanza.

Kuna cha kufunga na bano juu ya usukani, chenye mkono mrefu au mfupi. Faida yake kinaingia baiskeli yoyote bila kugusa raba, dakika tano umemaliza, na kama mwisho wa usukani umeshaweka kitu kingine basi hiki ndo chaguo lako. Shida ni mtikisiko. Mkono ukiwa mrefu kioo kinacheza, unaona nyuma kuna kitu cheupe ila hujui ni Noah au ni lori. Kwenye lami nzuri ya Mandela kinatulia, ukiingia barabara ya vumbi ya mtaani hakuna kitu unaona. Ukinunua cha hivi chukua chenye mkono mfupi kuliko vyote, na kabla ya kukaza bano zungushia kipande cha tyubu ya zamani kwenye usukani, kile kimpira kinakula mtikisiko na kinazuia bano lisizunguke. Fundi wa mtaani kwetu alinifundisha hilo na kimekaa mwaka bila kulegea.

Cha tatu ni kioo cha bodaboda. Wengi wanakipenda kwa sababu kipo kila duka la spea, bei chee, kikubwa, na kikivunjika unapata kingine hapohapo. Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba usukani wa pikipiki nyingi nao ni milimita 22 sehemu ya mkono, kwa iyo lile bano la kufungia kioo cha Boxer linashika vizuri kwenye baiskeli yenye usukani ulionyooka. Unanunua bano na kioo, basi. Angalia nyuzi tu, kwa sababu pikipiki kama Yamaha kioo cha kulia kina nyuzi za kinyume, kinakazwa kwa kuzungushia kushoto, ukilazimisha kwenye bano la kawaida unaua nyuzi zote mbili. Ubaya wake ni uzito. Kioo cha pikipiki na shina lake la chuma ni kizito kwa usukani wa baiskeli, na kwa sababu kipo juu kinatikisika kama bendera ukipita matuta. Kwa guta la matairi matatu au baiskeli ya mizigo ambayo haiendi mbio nasema ndiyo, kinafaa sana. Kwa baiskeli nyepesi ya gia hapana.

Halafu kuna vile vidogo vya kubandika kwenye helmeti au kwenye miwani. Niliazima cha jamaa yangu wiki mbili. Kina uzuri mmoja mkubwa, ukigeuza kichwa kidogo unaona upande wowote unaotaka, hakikomi kwenye sehemu moja kama cha usukani. Ila ni kidogo kama sarafu, kipo karibu sana na jicho, na mpaka uzoee unapata kizunguzungu, na jasho la Dar likikidondokea ndo umepoteza picha. Anayevaa helmeti kila siku na anaendesha umbali mrefu kuelekea Bagamoyo huko atakipenda. Mi sijakizoea. Vile vya kuvaa mkononi kama saa vipo pia, ila mkono ukiwa kwenye breki kioo kinaangalia mbinguni, kwa kazi za mjini sivishauri.

Kioo bapa au kilichobinuka?

Hapa ndo watu wengi wanakosea na hapa ndo pa hatari, kwa iyo nisikilize vizuri. Kioo bapa kinakuonyesha kitu kwa ukubwa wake na umbali wake halisi, ila kwa kioo kidogo cha baiskeli unachoona ni kipande chembamba cha barabara, boda akiwa pembeni kidogo tu humuoni. Kilichobinuka kwa nje kinaonyesha upana mkubwa, unaona njia yote na ukuta wa pembeni, ila kila kitu kinakuwa kidogo na kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Gari unayodhani ipo mbali kule mataa tayari ipo nyuma ya keria.

Mi natumia kilichobinuka kidogo, sio kile kilichotokeza kama jicho la samaki. Na nilijifunza kukisoma nikiwa nimesimama. Fanya hivi: simamisha baiskeli barabara ya mtaani isiyo na magari, kaa juu yake kama unaendesha, mwambie mtu asimame nyuma yako hatua kumi, mtazame kwenye kioo, afu geuza shingo umtazame kwa macho. Arudi nyuma hatua ishirini, rudia. Hatua thelathini, rudia. Ukifanya hivyo mara tatu nne kichwa kinaanza kujua kwamba mtu mwenye ukubwa wa kidole kwenye kioo yupo wapi hasa. Na hata na kioo kizuri namna gani kabla ya kuhama njia geuza shingo mara moja, kioo kina upofu wake hapo ubavuni na boda ndo wanapenda kukaa hapohapo.

Kuhusu kioo chenyewe kimetengenezwa na nini, vipo vya glasi, vya plastiki ngumu na vya chuma kilichong'arishwa. Glasi inaonyesha safi kuliko vyote ila ikidondoka kwisha. Plastiki haivunjiki ila ukiifuta vumbi na tisheti kavu kila siku baada ya miezi inachubuka inakuwa na ukungu, ifute na maji. Cha chuma kinadumu ila picha inakuwa hafifu kidogo. Kwa mtu anayepaki sokoni nasema plastiki.

Na wizi tusiufiche. Mjini hapa watu wanang'oa sait mira za magari, cha baiskeli watakiacha? Cha kuchomeka kinachofunguka na elenki kinachukua kama nusu dakika kutoka. Mi nikipaki sehemu ya muda mrefu nakitoa naweka kwenye begi, au chukua vile vinavyokunjwa vikalala kwenye usukani visionekane sana.

Indiketa

Sasa tuseme kioo unacho na hela ipo. Indiketa za baiskeli zinatofautiana kuliko vioo na nyingi zilizopo sokoni ukweli hazina msaada mchana.

Ile utakayoikuta kila mahali ni taa moja ya nyuma yenye mishale miwili, inafungwa kwenye bomba la siti, na kirimoti kidogo kinafungwa kwenye usukani kina kitufe cha kushoto na kulia. Haina waya, inachajiwa na waya wa simu, nyingine zinachora na mistari miwili ya leza nyekundu barabarani. Niliinunua kwa sababu dukani kwenye giza la kaunta ilikuwa inawaka kama disko. Nje saa nane mchana Uhuru, hakuna kitu. Na sababu sio mwanga peke yake. Upana wa ile taa ni kama kiganja, mishale yote miwili imekaa pamoja, kwa iyo mtu aliye nyuma hatua thelathini anaona kitu chekundu kinapepesa, hajui ni kushoto au kulia. Kwa pikipiki kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na watengenezaji wengi zinataka indiketa za nyuma ziachane angalau milimita 180, za mbele 240, na rangi iwe ile njano ya machungwa, na ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Hizo namba hazikuwekwa kwa urembo. Jicho linahitaji nafasi katikati ya taa mbili ili lijue upande. Kwa iyo ukienda kununua ya nyuma chukua rula, chagua yenye nafasi kubwa katikati, na mishale iwe ya njano huku taa ya kawaida ikiwa nyekundu. Ile ambayo mshale mwekundu unapepesa ndani ya taa nyekundu iache hapohapo dukani.

Na kuna jambo lilinitokea ambalo sitalisahau. Fundi mmoja alinifungia ile taa, mfuko wa siti ulikuwa unamzuia, akaigeuza juu chini ndo ikakaa vizuri. Nikashukuru nikalipa nikaondoka. Siku mbili nzima nabonyeza kulia, kirimoti kinalia tii tii tii, mi najiamini kabisa naingia katikati ya barabara, afu nyuma watu wanapiga honi na boda mmoja akanipita kulia kwa kasi mpaka chakula cha kuku kikamwagika pale nilipoyumba kumkwepa. Nyumbani mwanangu akaniambia baba mbona unabonyeza kulia inawaka kushoto. Ukigeuza taa ya mishale juu chini, kushoto inakuwa kulia! Kitu cha wazi ukiambiwa, ila mwenye baiskeli hawezi kukiona kwa sababu amekaa mbele yake. Tangu siku hiyo nikifunga taa yoyote namweka mtu nyuma anyooshe mkono upande anaouona unawaka.

Za pili ni zile za kuchomeka mwisho wa usukani, moja kila upande. Kampuni ya CYCL ya London inatengeneza zinaitwa WingLights, na zipo za China zinazofanana. Kwa maoni yangu wazo hili ni zuri kuliko lote, kwa sababu taa zinaachana kwa upana wote wa usukani, nusu mita na zaidi, mtu akiona mwanga upande mmoja wa baiskeli anajua upande huohuo. Zinaonekana mbele na nyuma. Unazibonyeza kwa kiganja au dole gumba bila kuachia usukani. Ila zina mambo mawili. Kwanza zinakaa tundu lilelile la kioo cha kuchomeka, huwezi kuweka vyote, ukichagua hizi basi kioo kihamie kwenye bano. Pili ukiwa na mzigo mpana, magunia ya mkaa au makreti ya soda, wa nyuma hazioni kabisa, mzigo umezifunika. Kwa mtu anayeenda kazini na begi mgongoni hizi ndo zake. Kwa mbeba mkaa hazina maana.

Za tatu ni kuchukua indiketa za pikipiki ukafunga kwenye baiskeli. Nimefanya na ndo ninazotumia, ila sio kazi ya kubahatisha, nieleze kidogo maana hapa mafundi wengi wanadanganya watu.

Indiketa ya kawaida ya pikipiki ni ya volti 12, balbu ya wati 10. Ukiwasha upande mmoja mbele na nyuma ni wati 20. Dainamo ya baiskeli inatoa volti 6, wati 3. Kwa iyo anayekwambia ataunganisha kwenye dainamo anakupotezea muda, na hata ingetosha, dainamo inafanya kazi tairi likizunguka tu, umesimama katikati ya barabara unasubiri kukata kulia, hapo ndo unaihitaji taa na hapo ndo imezima. Unahitaji betri. Ile betri ya volti 12 ya ampea saa 7 inayowekwa kwenye alamu za nyumba inawasha vizuri sana lakini ina kilo mbili na zaidi. Nikaachana nayo. Nilichofanya ni kutafuta indiketa za LED, zinakula umeme kidogo mno, nikafungiwa betri tatu za lithiamu kwa mfululizo, kila moja volti 3.7, jumla volti 11 na kitu, na zikijaa zinafika 12.6. Ziwe na ile bodi ya ulinzi na chaja yake sahihi, lithiamu ikichajiwa ovyo inashika moto. Boksi lake ni dogo, linakaa chini ya siti.

Kitu cha mwisho ni flasha, kile kidude kinachofanya taa ipepese. Flasha ya zamani inategemea balbu ivute umeme mwingi ndo ipepese. Ukiiwekea LED ama inawaka moja kwa moja bila kupepesa ama inapepesa haraka haraka kama imechanganyikiwa. Sema unataka flasha ya LED, muuzaji wa spea za boda anaijua. Swichi chukua ya pikipiki ileile inayobana kwenye usukani, milimita 22 tena.

Za nyuma nimezifunga kwenye ncha za keria, nje ya mfuko, zimeachana kama sentimita 40. Hapo hata nikibeba trei za mayai zimepangwa juu hazizibwi. Mchana wa jua kali zinaonekana, sio kama gari lakini zinaonekana. Gharama ukijumlisha na fundi inazidi ile taa ya kirimoti kama mara mbili au tatu, sitakuficha. Kwa baiskeli ya kuendea shuleni ni kujitesa.

Helmeti zenye indiketa nazo zipo, Lumos wanatengeneza, taa ipo kichwani juu ya kila kitu na hakuna mzigo wa kuiziba. Wazo zuri kwa anayeimudu, ila taa mbili za kichwani nazo zimekaribiana, na ukigeuza shingo kuangalia nyuma taa inageuka na wewe. Wenye baiskeli za umeme angalieni kwanza, nyingine zinakuja na indiketa zake tayari, na kama unaongeza mwenyewe betri yake ni volti 36 au 48, usiunganishe indiketa ya volti 12 moja kwa moja, weka kipunguza volti katikati.

Maji na kuzima

Masika yanaua hivi vitu kuliko kitu kingine. Kwenye pakiti tafuta herufi IPX. Namba 4 maana yake inavumilia maji ya kurushiwa kutoka pande zote, 6 inavumilia maji ya kasi, 7 unaweza kuizamisha mita moja kwa nusu saa. Mi chini ya 4 sinunui, na kwa mtu anayeendesha kila siku bila kujali mvua atafute 6. Kile kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia ndo kinachovujisha, kipake mafuta ya mgando kidogo kwenye kingo na usiache wazi hata siku moja.

Jambo jingine ambalo halisemwi ni kuzima. Gari ukimaliza kona usukani ukirudi indiketa inajizima. Baiskeli haina hiyo. Unakata Buguruni, unafika Tabata Relini bado inasema unakata kulia. Kwa iyo kati ya mbili zinazolingana chukua inayojizima yenyewe baada ya sekunde kadhaa, au inayolia sauti ikiwa imewaka. Ile sauti inakera jamaa wa pembeni ila inakukumbusha. Mimi niliongeza kibaza kidogo kwenye waya wa flasha.

Sasa kwa mtu anayetaka kuamua leo. Una baiskeli ya kawaida, hubebi mzigo, unaenda kazini au chuo: kioo cha kuchomeka upande wa kulia, kimebinuka kidogo, na mkono wako wa kulia unyooshe ukikata kulia, wa kushoto ukikata kushoto, indiketa sio lazima kabisa, mkono ni mpana kuliko taa yoyote na kila dereva anauelewa. Unaendesha usiku sana: hapo mkono hauonekani gizani, weka zile za mwisho wa usukani na kioo uhamishie kwenye bano fupi. Unabeba abiria au mzigo mzito kwenye keria kila siku, kama wale wa Shinyanga na Kahama: kioo cha kulia, ukiweza na cha kushoto, indiketa za LED za pikipiki kwenye ncha za keria. Ya kirimoti yenye mishale namnunulia mtoto anayezunguka mtaani jioni, anaifurahia na gari zinamuona kwamba yupo, kazi hiyo inaifanya vizuri.

Mimi pale Buguruni jioni naanza mapema, nikipita tu kituo cha daladala naangalia kioo, nawasha indiketa, nahesabu mpaka tano bila kuhama hata kidogo, naangalia tena kioo kuona kama aliye nyuma amepunguza. Akipunguza nageuza shingo, nanyoosha mkono mara moja kama mzigo unaruhusu, naingia. Asipopunguza nabaki kushoto nampisha, na zikija mfululizo nashuka navuka na watembea kwa miguu nikiikokota baiskeli.